Ngoma ndogo ya kupigia nyumbani, nichukue ipi?

Dada_Sinza: Habari zenu. Naishi ghorofani Sinza, chumba na sebule, na jirani ana watoto wanaolala mapema. Nataka ngoma ndogo tu, nikitoka kazini nipige kwa vidole kujiburudisha. Kwenye maduka ya vinyago nimeona zilizochorwa twiga, na duka la vyombo vya muziki lina bongo za jozi. Ipi itanifaa, na kelele nitazipunguzaje?

Fundi_Bongo: Bongo. Unazibana kwa magoti, basi. Ila ile ndogo mlio wake mkali, inapenya ukuta.

Mkwasa_Unguja: Mwanangu, tafuta kidumbak. Ni kingoma cha udongo wa kuchoma, kiuno chembamba, upande mmoja kimewambwa ngozi ya mbuzi na wa pili uko wazi. Usikidharau udogo. Huku kwetu vidumbak viwili, fidla, sanduku la uzi mmoja, cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha) vinatosha kuchezesha harusi nzima, maana mapigo yake yametoka kwenye ngoma zetu wenyewe.

Kaa mkekani, kilaze juu ya paja la kushoto, kiganja cha kushoto kitulie ukingoni. Vua pete. Vidole vya kulia vikipiga katikati na kuinuka papo hapo, kinasema dum. Vikigusa ukingo, kinasema tak. Anza na dum-tak, tak-dum, tak, mapigo ambayo Wamisri huyaita maqsum. Yapige polepole mpaka mkono uyajue wenyewe, kisha ndiyo uongeze mbio.

Kelele si tabu. Kunja kipande cha kanga, kiingize kidogo kwenye ule upande ulio wazi, dum itapoa. Kupiga kwa ncha za vidole ndiko kunakofunza mkono kuliko kupiga kwa nguvu.

Vile vya twiga viache. Vingi vimewambwa ngozi nene ili vipendeze rafuni. Ukinunua, gonga ngozi kuzunguka ukingo wote: mlio uwe mmoja. Kisha gonga udongo kwa kifundo cha kidole. Ukilia mfu, una ufa hata kama huuoni.

Umm_Salma: Mimi ningesema dufu. Unalitundika ukutani, halili nafasi. Sisi tumelizoea kwenye maulidi. Ila chagua lisilo na vibati, vile vinaamsha nyumba nzima.

Dada_Sinza: Shikamoo mzee Mkwasa, ahsante sana. Sakafu yangu ni ya vigae, naogopa kitavunjika. Kile cha bati chenye ngozi ya plastiki je? Na hapa Dar masika unyevu ni mwingi.

Mkwasa_Unguja: Marahaba mwanangu. Cha bati hakivunjiki na plastiki hailegei masika, hilo ni kweli. Lakini mlio wake ni mkali, utawaamsha hao watoto. Ningekuwa wewe ningechukua cha udongo, na kila nikimaliza nakilaza kwenye mto, sikisimamishi. Ngozi ikilegea, kianike juani, au kisogeze karibu na jiko la makaa huku unakizungusha, mkono wako ukiwa pale pale kupima joto. Mkono ukishindwa kuvumilia, na ngozi imetosha. Moto wa gesi usikipeleke kabisa, hupasua ngozi.

Siku ukivuka bahari kuja huku, ulizia Dhow Countries Music Academy. Wanafundisha ngoma na taarab tangu 2002, na hata anayeanza wanampokea.