Dada Watatu wa Eötvös: waimbaji wa kike wameisha?

Gambusi: Wadau, nimemaliza kutazama ile opera mtunzi Peter Eötvös aliyoitoa kwenye tamthilia ya Chekhov ya 1901. Dada wenyewe, Olga, Masha na Irina, wote ni wanaume, makauntatena wa sauti nyembamba. Ndivyo ilivyozinduliwa Lyon 1998. Kulikuwa na haja gani?

BintiPemba: Alitaka huzuni isiyo na jinsia. Yaya Anfisa, ajuza wa miaka 80, kapewa besi, mwanamume wa sauti nzito kabisa. Na okestra ni mbili: watu 18 shimoni mbele ya jukwaa, 50 nyuma ya jukwaa.

Kindumbwe: Hiyo besi ilinimaliza, nikazima. Natasha, mke wa kaka yao Andrei, naye dume! Yule wa kuwahamisha mawifi zake chumba baada ya chumba mpaka nyumba inakuwa yake, unampaje mwanamume? Wake za kaka ndivyo walivyo, wanawake wangeimba kwa uchungu wao.

MamaZuhra: Ndivyo walivyo akina nani? Mimi ni mke wa kaka yao, mwaka wa kumi na tisa huu. Nani aliyeiweka nyumba rehani bila kuwauliza dada zake? Andrei! Kwa deni la kamari.

Kindumbwe: Na hela alishika nani, shangazi?

MamaZuhra: Shangazi yako nani? Siku ya kwanza tu Olga kamshushia Natasha sauti: huo mkanda wa kijani haufai. Msichana wa watu gauni la waridi, aibu imemjaa, meza nzima wageni.

BintiPemba: Mama, na Anfisa je? Kumfukuza ajuza kwa kuwa hawezi kazi tena?

MamaZuhra: Hapo sijamtetea.

Gambusi: Jamani, makauntatena…

Ngoswe2: Vienna 2016 waliimba wanawake, na Eötvös mwenyewe ndiye aliyeongoza okestra. Kwa hiyo hata yeye hakuona ni lazima.

BintiPemba: Kukubali si kupenda. Salzburg 2025 makauntatena walirudi.

Kindumbwe: Natasha alilipiza, mwisho kamwambia Irina mkanda wake haumpendezi. Miaka kaiweka moyoni! Wifi ni wifi tu.

MamaZuhra: Wewe mkeo anaishi na dada zako?

Kindumbwe: Hilo halihusiani na opera.

Ngoswe2: Jibu swali la mama.