Mama anatoka Dar kuja Houston: tiketi ipi, kiti kipi

Kutoka: Katy, Texas

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Viza ya mama imetoka, alhamdulillahi. Ana miaka 68, anatokea Tanga, hajawahi kupanda ndege. Ana presha, na goti la kulia humsumbua akikaa sana. Kiingereza hajui zaidi ya salamu. Nimeona tiketi za ikonomi za kupitia Doha, Dubai, Istanbul na Amsterdam. Kuna nyingine ya bei chee, ina ndege tatu na tiketi mbili tofauti. Inapungua kama dola 300. Mliowaleta wazazi nisaidieni kuchagua. Na mtu mzima anavumiliaje saa zote hizo angani?

Kutoka: Sugar Land, Texas

Mwanangu, marahaba, na hongera kwa viza. Mfikishie mama salamu.

Hiyo ya bei chee iache, hata ingepungua zaidi ya hapo. Tiketi zikiwa mbili, kila shirika linamhesabu mama kama abiria aliyeanzia safari kwake. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili inaondoka, nauli imekwenda, na hakuna anayewajibika kumtafutia nyingine. Mabegi nayo mara nyingi hayapitilizwi: itabidi ayachukue, apange foleni aripoti upya, na pengine adaiwe viza ya nchi asiyokuwa na shughuli nayo. Kijana mwenye simu na Kiingereza atahangaika, atafika. Mama wa miaka 68 aliye peke yake huwezi kumwingiza huko. Safari yote iwe kwenye tiketi moja.

Sisi wa Houston tuna bahati, kwa sababu njia zote nne ulizotaja zinatua hapa na mama atabadili ndege mara moja tu. Wa miji mingine wanajua adha yake: mgeni akitua mji wa kwanza wa Marekani anapita uhamiaji, anachukua mabegi yake, anapita nayo forodha, anayakabidhi tena, ndipo akatafute ndege ya pili. Hilo limekuepuka.

Sasa tazama saa zinavyogawanyika. Dar hadi Doha ni kama saa sita, halafu Doha hadi Houston kama kumi na sita. Dubai ni karibu hivyohivyo. Istanbul ni kama saba na ushei, kisha kumi na tatu. Amsterdam ndiyo inayogawanya sawa kwa sawa: kama kumi, kisha kumi na nusu. Ukijumlisha hazipishani sana, ila kile kikao kirefu kimoja ndicho kinachoumiza. Kwa goti la mama, saa kumi na sita bila kushuka ni nyingi mno. Mimi ningechukua Amsterdam, au Istanbul kama Amsterdam haina siku nzuri, na hizo dola 300 ningezilipa kwa moyo mweupe.

Wanaoipenda Doha na Dubai wana hoja. Viwanja vile vina wafanyakazi wengi wa Kenya na Uganda, na mama akiuliza kwa Kiswahili anaweza kupata wa kumjibu. Lakini lugha ina dawa yake, goti likishashikwa angani halina.

Dawa yenyewe ni hii. Ukishanunua, lipigie shirika simu, angalau saa 48 kabla ya safari, uombe msaada wa kiti cha magurudumu. Kwenye mfumo wao huandikwa WCHR, yaani abiria anapanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu. Hailipiwi. Mtu anampokea Dar kwenye kaunta, mwingine anamngojea akishuka, anampitisha kwenye ukaguzi na kumfikisha geti la pili. Houston wanaye hadi uhamiaji, hadi kwenye mabegi, hadi akukute wewe nje. Asione haya, goti ni sababu tosha. Ila kwa mzazi ambaye miguu yake ni mizima na tatizo ni ugeni tu, ombeni huduma ya kusindikizwa, MAAS, kama shirika linayo. Viti tuwaachie wenye kuvihitaji.

Anayesukumwa kwenye kiti huteremshwa wa mwisho, kwa hiyo muda wa kubadili ndege usipungue saa mbili na nusu. Ukizidi tano unamchosha bure.

Kiti mchagulie mwenyewe, hata kama ni cha kulipia. Boeing 777 nyingi zina viti kumi kwa safu: vitatu, vinne, vitatu. Wengi hukimbilia cha njiani kwenye vile vitatu. Pale kuna watu wawili ndani yake, na kila mmoja atamwamsha akienda msalani. Kwenye vinne vya kati ni mmoja tu atakayempita, maana wa upande wa pili wana njia yao. Na kwa kuwa goti bovu ni la kulia, mchukulie cha mwisho kulia katika vile vinne, ili mguu huo uwe upande wa njia na aunyooshe toroli la chakula likishapita. Safu ya mbele yenye ukuta ina nafasi, lakini ndiko vinakofungwa vitanda vya watoto wachanga, na mkoba wake utawekwa juu wakati wa kupaa na kutua, dawa zikiwemo. Safu ya nyuma iliyopakana na vyoo usiiguse.

Ukikuta njia yenye Airbus A350 au Boeing 787, ipendelee. Hewa ya ndani ya ndege hizo ni kama ya mahali palipo mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu na Mbeya mjini. Nyingine hufika hadi mita 2,400, na mtu wa pwani huisikia tofauti hiyo kichwani.

Sasa nisikilize kwenye tarehe, maana hapa wengi huachwa na ndege. Tiketi ikisomeka saa 00:40 tarehe 12, ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Mama anatakiwa awe Terminal 3 saa tatu na nusu usiku, tarehe 11. Usimrushie tiketi kwenye WhatsApp ukadhani umemaliza. Mwandikie kwa maneno, saa za Kiswahili, siku kwa jina lake, na umtumie vilevile atakayempeleka. Kutoka Tanga aje Dar siku moja kabla, alale kwa ndugu. Basi la siku ileile ya ndege ni kujitafutia presha.

Angani: Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwaka 2007 kwamba kukaa kitako safarini kwa saa nne au zaidi huongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu mmoja kwa elfu sita, ila umri unaiongeza. Basi anyanyuke kila baada ya muda, na akiwa ameketi azungushe vifundo vya miguu. Anywe maji hata kama anaogopa kwenda msalani, maana wengi wa rika lake hujinyima maji kwa sababu hiyo. Mwonyeshe kwa video namna ya kufungua na kufunga mlango wa choo cha ndege; hofu kubwa iko hapo. Soksi za kubana zinafaa, lakini kwanza daktari wake azikubali, na aangalie presha wiki ya safari. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi na ameze kwa saa za Dar mpaka afike, mtazigeuza hapa kwa ushauri wa daktari. Chakula chenye chumvi kidogo au cha halali huombwa kabla, angalau siku moja.

Mshonee kipochi cha shingoni: pasipoti, na karatasi yenye jina lako, simu yako, anwani hadi namba ya nyumba, na majina ya dawa zake, kwa Kiingereza. Hiyo anwani Houston ataulizwa.

Kutoka: Louisville, Kentucky

Jambo ndugu wote. Aksanti mama kwa mashauri.

Naongeza kwa ajili yetu wenye pasipoti ya Kongo, yaani DRC. Kubadili ndege tu Amsterdam, Brussels au Paris, hata bila kutoka uwanjani, kunadai viza ya mapito ya uwanjani, aina ya A. Kongo imo kwenye orodha ya pamoja ya nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye viza halali ya Marekani au kadi ya kijani amesamehewa, lakini akague kabla ya kulipa, maana anayezuiwa huzuiwa kulekule kwenye kaunta ya kuondokea. Pasipoti ya Tanzania haimo kwenye orodha hiyo. Wengi wetu tunapita Addis Ababa.

Kutoka: Katy, Texas

Mungu awalipe. Nimeegemea Amsterdam. Mama anasema hawezi kuja mikono mitupu: anataka kuleta machungwa ya Muheza, dagaa, unga wa muhogo, nyama ya kukausha na mafuta ya nazi ya kukamua mwenyewe.

Kutoka: Sugar Land, Texas

Machungwa yabaki, na nyama ya aina yoyote ibaki. Matunda mabichi na nyama vitaishia forodhani. Dagaa wakavu kwa kawaida hawana shida. Chochote cha kuliwa akitaje. Faini huja kwa kuficha. Unga aweke kwenye begi kubwa, kwa sababu tangu 2018 vitu vya ungaunga vinavyozidi mililita 350 kwenye mkoba wa mkononi hukaguliwa zaidi kwa ndege za kuja Marekani, na vinaweza kuachwa. Mafuta ya nazi vilevile, begi kubwa, chupa ifungwe kwa nailoni mbili. Mkononi mwisho ni mililita 100.

Kwenye tiketi tafuta palipoandikwa 1PC au 2PC. Hiyo ndiyo idadi ya mabegi, kwa ikonomi aghalabu kilo 23 kila moja. Ukikuta 0PC, ndiyo maana bei ilikuwa nzuri. Begi lisipotokea Houston, asitoke kabla ya kupewa karatasi yenye namba ya taarifa. Madai ya begi lililochelewa hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, lililoharibika siku 7.

Nunua kwa shirika lenyewe. Kama safari iko siku saba mbele au zaidi, sheria ya Marekani inakupa saa 24 za kufuta na kurudishiwa hela yako yote, isipokuwa kwa shirika linaloshikilia bei saa hizo kabla ya malipo. Zitumie kukagua majina yake matatu: yafuate pasipoti herufi kwa herufi, la ukoo likae mahali pa ukoo. Ukinunua usiku huu, nitumie nakala kesho asubuhi tuipitie pamoja kabla saa hizo hazijaisha.