Naomba ushauri: wakazi wanaiogopa ramani yetu ya mafuriko

Wakuu, habari zenu. Kikundi chetu kinachora ramani ya mafuriko hapa Tandale, Dar es Salaam, ili wakazi wenyewe waseme mitaro ipite wapi. Tumeanzia kwenye ramani za mradi wa Ramani Huria wa mwaka 2015. Shida ni kwamba mtu akiona karatasi na kalamu anakumbuka ile X nyekundu inayochorwa kwenye nyumba za bomoabomoa. Ukutani doa la maji liko usawa wa kiuno, yeye anakwambia hapa maji hayafiki! Balozi wa nyumba kumi ametutembeza nyumba kwa nyumba, wapi. Kwenye mkutano wa mtaa wakaongea wenye nyumba tu. Wapangaji na mama ntilie kimya.

Je, tunakusanyaje kina cha maji bila kuonyesha nyumba ya mtu? Na wapangaji tuwapate wapi, saa ngapi?