Naomba ushauri: wasifu wa kisiasa wa Marc Ravalomanana wa Madagascar, niupangeje?

Mwambao_Kusini
Habari za jioni wakuu. Nina kazi ya kuandika wasifu wa kisiasa wa Marc Ravalomanana, rais wa zamani wa Madagascar, maneno yasizidi 2,000, kwa kozi ya siasa za nchi za SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika). Wasomaji wangu Madagascar wanaijua kwa vanila tu. Nimekwama sehemu tatu. Matokeo ya uchaguzi wa 2001 kila andiko lina asilimia yake: moja 46, jingine 51, jingine 52. Pia sijui kama 2009 niseme alipinduliwa au alijiuzulu. Halafu kuna hii habari ya mtindi na kanisa, yaani biashara yake ya maziwa na cheo chake kanisani: niipe nafasi kiasi gani bila kuonekana nasimulia ngano ya maskini aliyetajirika? Anayeifahamu siasa ya kisiwa kile anielekeze, na mitego anionyeshe mapema.

Faili_Kavu
Mkuu, asilimia zote tatu zipo kweli, ila kila moja ina mwenyewe. Kura zilipigwa 16 Desemba 2001. Mwishoni mwa Januari 2002 Mahakama Kuu ya Katiba (HCC) ilitangaza Ravalomanana 46.21, Rais Didier Ratsiraka 40.89, kwa hiyo duru ya pili. Hiyo ndiyo 46 yako. Kambi ya Ravalomanana ilikuwa na nakala zake za fomu za vituoni, ikajumlisha ikapata kama 52, ikasema duru ya pili ya nini. Hiyo 52 ni dai la mgombea. Usiiandike kama matokeo rasmi.

Kisha Mahakama ya Juu ikabatilisha uteuzi wa majaji wa HCC ambao Ratsiraka aliwaweka muda mfupi kabla ya uchaguzi. Tarehe 18 Aprili wapinzani hao wawili wakasaini makubaliano Dakar, kura zikahesabiwa upya, na 29 Aprili 2002 HCC yenye majaji wa awali ikatangaza Ravalomanana 51.46, Ratsiraka 35.90. Hivyo basi kila unapotaja asilimia, bandika tarehe na chombo kilichoitangaza. Bila hivyo msomaji atadhani umekosea kunakili.

Mtego mwingine: aliapishwa mara mbili. Tarehe 22 Februari 2002 alijitangaza rais uwanjani Mahamasina, na 6 Mei akaapishwa baada ya uamuzi wa mahakama. Wengi huchukua Februari kama mwanzo wa urais wake, halafu wanashindwa kueleza kwa nini dunia ilikuwa bado inamtambua Ratsiraka.

Karafuu_na_Vanila
Naongezea kwa Faili_Kavu, maana hapo katikati kuna miezi ambayo waandishi wengi huiruka, na ndiyo yenye utamu. Ratsiraka alihamishia serikali yake Toamasina, bandari kuu ya nchi. Magavana watano kati ya sita wa majimbo walikuwa upande wake. Barabara za kuingia mji mkuu, Antananarivo, zikafungwa, madaraja yakalipuliwa, mafuta yakaadimika jijini. Yaani mmoja ameshika mji mkuu, mwingine ameshika bandari. Marekani ilimtambua Ravalomanana 26 Juni, Ufaransa ikafuata siku chache baadaye, na tarehe 5 Julai Ratsiraka akaondoka kwenda Ufaransa. Umoja wa Afrika haukufuata mkumbo: ulipozinduliwa Durban Julai 2002 kiti cha Madagascar kilikuwa kitupu. Serikali ya Ravalomanana ilikubaliwa tu baada ya uchaguzi wa wabunge wa Desemba 2002, ambapo chama chake cha TIM kilipata viti 103 kati ya 160.

Sasa mtindi. Aya moja inatosha, lakini usiiandike kama hadithi ya juhudi. Ravalomanana alizaliwa 1949 Imerinkasinina, kijiji karibu na Antananarivo, akaanza kuuza maziwa ya nyumbani, akapata mkopo wenye msaada wa Benki ya Dunia, ikazaliwa Tiko, kampuni yake ya maziwa. Kinachokuhusu ni alichokuja kuwa nacho mkononi siku ya kampeni: kiwanda chenye magari ya kufika mikoani, maghala ya jumla ya Magro, na redio na televisheni ya MBS. Hiyo ni mitambo ya uchaguzi ambayo hakuna chama kipya kinachoipata kwa michango ya wanachama. Baadaye mitambo hiyohiyo ikawa shutuma: rais anatunga sera ya kodi na ushuru, huku kampuni yake ikishindana na wafanyabiashara wanaotozwa. Ukiunganisha ncha hizi mbili, mtindi unakuwa hoja.

Kanisa vivyo hivyo. Alikuwa makamu wa rais wa FJKM, kanisa kubwa la Kiprotestanti, akiwa tayari meya. Kauli ya kampeni ya 2001 aliitoa Marko 5:36, "Usiogope, amini tu". Baraza la makanisa, FFKM, lilimuunga mkono katika mgogoro wa 2002. Weka hayo matatu, uendelee.

Sheria_Mbele
Kuhusu 2009 usichague neno kabla hujapanga mfululizo, maana mabishano yote yako kwenye saa chache za tarehe 17 Machi.

Anzia Desemba 2007: Andry Rajoelina, kijana wa biashara ya matangazo na burudani, alimshinda mgombea wa TIM akawa meya wa Antananarivo. Novemba 2008 zikavuma habari za kukodisha hekta milioni 1.3 kwa Daewoo Logistics ya Korea Kusini kwa miaka 99. Mwaka huohuo ikanunuliwa ndege ya rais ya dola milioni 60. Tarehe 13 Desemba 2008 serikali ikaifunga televisheni ya Viva, mali ya Rajoelina, kwa kurusha mahojiano na Ratsiraka. Tarehe 26 Januari 2009 maandamano yakageuka uporaji, MBS ikachomwa na maghala ya Tiko yakavamiwa. Tarehe 7 Februari walinzi wakafyatua risasi kwa umati uliokuwa ukielekea ikulu ya Ambohitsorohitra. Waliokufa hawakupungua 28. Hapo ndipo Ravalomanana alipopoteza, hata kama aliendelea kukaa ikulu nyingine ya Iavoloha kwa zaidi ya mwezi.

Tarehe 8 Machi kikosi cha jeshi cha CAPSAT kiliasi. Usiku wa 16 Machi wanajeshi wakaichukua Ambohitsorohitra. Tarehe 17 Ravalomanana alisaini amri ya kukabidhi madaraka kwa baraza la kijeshi likiongozwa na afisa mwenye cheo cha juu zaidi, Makamu Admirali Hyppolite Ramaroson. Siku hiyohiyo maafisa hao wakampa Rajoelina, na kesho yake HCC ikaridhia. Rajoelina alikuwa na miaka 34, katiba ilitaka 40.

Kwa hiyo sentensi salama ni hii: "Aliachia madaraka kwa shinikizo la jeshi, akayakabidhi kwa maafisa, nao wakampa mpinzani wake." Usiandike kwamba alimkabidhi Rajoelina. Hilo ni kosa la ukweli, na ndilo linaloonekana mara nyingi.

Pwani_Huru
Sheria_Mbele unapooza mno. Umoja wa Afrika na SADC zote zilisema ni mabadiliko ya serikali kinyume cha katiba, zikaisimamisha Madagascar Machi 2009, na haikurudishwa mpaka Januari 2014. Kwa kozi ya SADC mwandike "mapinduzi", kisha ueleze karatasi zilisainiwaje. Saini ya mtu ambaye jeshi limeshamwacha haina uzito wa hiari.

Sheria_Mbele
Sikatai neno mapinduzi. Ninachosema ni asiliweke mahali pa maelezo. Mhadhiri akimuuliza "yalifanywa na nani, kwa hati gani?" awe na jibu.

Mwambao_Kusini
Ahsanteni sana, nimeelewa. Je, upande wetu tuliingiaje? Nimesikia Kikwete anatajwa. Na baada ya 2009 kuna la kuandika, au nimalizie hapo?

Faili_Kavu
Ukimalizia 2009 umeandika nusu. Ravalomanana alikwenda Swaziland, kisha akaishi Afrika Kusini. Agosti 2010 alihukumiwa bila kuwepo kifungo cha maisha na kazi ngumu kwa vifo vya 7 Februari. Joaquim Chissano, rais wa zamani wa Msumbiji, alisuluhisha kwa niaba ya SADC: makubaliano ya Maputo Agosti 2009, yakakwama, kisha ramani ya njia ya Septemba 2011. Januari 2012 alipanda ndege Johannesburg kurudi kwao, ndege ikageuzwa angani. Hapa usisahau kwamba yeye mwenyewe akiwa rais, Oktoba 2006, serikali yake ilimzuia mpinzani aliyekuwa uhamishoni, Pierrot Rajaonarivelo, kutua Toamasina kugombea. Ukiyaweka yote mawili, wasifu wako hautasomeka kama tangazo la TIM.

Julai 2012 yeye na Rajoelina walikutanishwa kisiwa cha Desroches, Shelisheli, bila mafanikio. Ndipo inaingia Dar es Salaam: Desemba 2012 SADC ilifanya mkutano wa dharura pale, Tanzania ikiwa mwenyekiti wa asasi ya siasa na ulinzi chini ya Rais Kikwete. Msimamo ulikuwa wote wawili wasigombee. Ravalomanana alikubali mwezi huohuo, Rajoelina Januari 2013.

Halafu kila mmoja akatafuta mlango wa uani. Ravalomanana akamsimamisha mkewe Lalao. Rajoelina akajiandikisha mwenyewe, tena nje ya muda. Agosti 2013 mahakama maalumu ya uchaguzi ikawaengua wote wawili pamoja na Ratsiraka. Lalao na Ratsiraka kwa sharti la kuwa wakazi nchini kwa miezi sita. Mgombea mbadala wa Ravalomanana, Jean Louis Robinson, alishindwa na Hery Rajaonarimampianina aliyepata 53.49.

Karafuu_na_Vanila
Oktoba 2014 Ravalomanana alirudi bila ruhusa, akakamatwa, akawekwa Antsiranana kaskazini, akaachiwa Mei 2015. Miezi miwili tu baadaye Lalao akachaguliwa meya wa Antananarivo. Kiti hichohicho mumewe alikishika mwaka 1999 na Rajoelina 2007. Kwa maoni yangu uti wa mgongo wa wasifu ni ukumbi huo wa jiji, kwa sababu meya wa pale ana umati karibu na ikulu na hahitaji kuvuka daraja lolote kuuleta.

Takwimu za mwisho, uchaguzi wa rais: 2018 duru ya kwanza Rajoelina asilimia 39.23, Ravalomanana 35.35, duru ya pili Rajoelina akashinda 55.66 kwa 44.34. Mwaka 2023 alikuwa kwenye kundi la wagombea wa upinzani waliosusia kampeni, lakini jina lilibaki kwenye karatasi ya kura akapata kama 12. Usiilinganishe hiyo na 35 ya 2018 ukasema ameporomoka. Hakuwa akiomba kura.

Bahari_ya_Msumbiji
Mawili madogo ya kiufundi. Maandiko ya zamani yatakuambia Tamatave na Diego Suarez. Ni Toamasina na Antsiranana, chagua majina ya sasa usichanganye. Na una Ravalomanana, Ratsiraka, Rajoelina, Rajaonarimampianina na Rajaonarivelo katika kurasa nne. Wagombea wadogo waondoe kabisa, na kila aya mpya ianze na jina kamili, usiandike "yeye".

Mwambao_Kusini
Mgawanyo wa maneno 2,000?

Sheria_Mbele
300 biashara, kanisa na umeya. 500 mgogoro wa 2002. 350 utawala: kujiunga na SADC 2005, ariary kuchukua nafasi ya faranga mwaka huohuo, mikoa 22 kurithi majimbo sita, ushindi wa asilimia 54.79 Desemba 2006, na katiba ya 2007 iliyofanya Kiingereza lugha rasmi. 450 mwaka 2009. 400 uhamishoni hadi 2023. Oktoba 2025 Rajoelina naye aliangushwa baada ya maandamano ya vijana ya maji na umeme, CAPSAT hiyohiyo ikiwageukia waandamanaji kuwaunga mkono. Sentensi moja tu ndani ya sehemu ya 2009, pale unapokitaja kikosi mara ya kwanza.