Kreatinini imeruka kutoka 1.9 hadi 168 ndani ya siku tisa, nisaidieni

Upepo wa Salgaa (mwenye uzi)
Wadau, hamjambo. Nina miaka 41, naishi Nakuru, kazi yangu ni ya barabarani. Wiki juzi nilipimwa damu kwenye zahanati moja hapa mjini, kijana wa maabara akaandika kreatinini 1.9, akasema ni taka ya damu inayochujwa na figo, iko juu, nirudi. Sikurudi. Jumanne nikiwa Kisumu miguu ikavimba hadi alama ya soksi haitoki, nikaingia maabara nyingine. Karatasi inasema 168. Mia moja sitini na nane! Chini yake eGFR 45. Nimeikunjua na kuikunja hadi imechanika kwenye mkunjo. Mke wangu sijamwambia. Naomba kujua kitu kimoja tu: mtu wa 168 anaweza kupona bila kuwekwa kwenye mashine?

Nyar Kano
Pole sana ndugu. Baba mkwe wangu alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, miaka minne. Manesi walimzoea wakawa wanamwekea kitanda cha dirishani. Siku akikosa nafasi hiyo hataki kuongea na mtu, hata uji anasusa. Usiogope mashine.

Mkulima Njoro
Ni haya maji yetu ya visima. Floridi! Tazama meno ya watu wa Nakuru yalivyo kahawia.

Kinyozi Kondele
Mkulima, mtu amekuja na figo unamjibu meno. Upepo, punguza mbuzi choma, ukifika Kisumu kula samaki kama watu.

Mzee wa Kibuye
Mimi naona tunachezewa. Binamu yangu alifikisha kreatinini 12, alibebwa hajitambui. Huyu ana 168 na anaandika vizuri, hadi koma ameweka. Subirini, jioni atatokea mtu na namba ya simu anauza unga wa kusafisha figo.

Kinyozi Kondele
Kweli bana. 1.9 hadi 168 kwa siku tisa? Hata bei ya unga haijapanda hivyo.

Upepo wa Salgaa
Mnaniita mwongo na mimi silali? Sawa, asanteni.

Nesi Mstaafu
Tulieni. Ndugu, angalia herufi ndogo zilizo pembeni ya kila namba. Ya Nakuru ni miligramu kwa desilita, ya Kisumu ni maikromoli kwa lita. Chukua 1.9 zidisha kwa 88.4, utapata 167.96. Hakuna kilichoruka. Ni kama kupima barabara ileile kwa maili, kisha kwa kilomita. Hiyo 12 ya binamu ya Mzee ni ya kipimo cha Nakuru.

Ila usishangilie. eGFR inakadiria kasi ya figo kuchuja, na inapigiwa hesabu kutoka kwa hiyo kreatinini, umri na jinsia. Mwenye figo nzima huwa na 90 au zaidi, wewe una 45. Ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu ndipo tunasema ni ugonjwa wa figo wa kudumu. Siku tisa hazitoshi kukuhukumu. Sasa niambie, unameza dawa gani?

Upepo wa Salgaa
Za kawaida tu.

Nesi Mstaafu
Kawaida gani, mwanangu?

Upepo wa Salgaa
Diklofenaki. Mgongo ukianza kutoka Mau Summit siwezi kufika Busia bila. Viwili kwa siku, karibu miaka miwili sasa. Lakini nakula kwanza, na nanunua duka la dawa, si kibandani. Daktari wa Kisumu alitaka na mkojo, nikaona damu si imeshasema? Isitoshe nimeshalipa 4,500 kwa mzee mmoja wa majani ya kusafisha figo, bado 4,500. Ametibu wengi.

Mzee wa Kibuye
Si niliwaambia? Unga umefika. Piga picha karatasi, funika jina, tuone.

Nesi Mstaafu
Diklofenaki inabana mishipa inayoingiza damu kwenye figo, uwe umekula au hukula. Usimeze tena, na majani yaache kwanza, hakuna anayejua kilichomo. Mkojo nao hausemi kitu kimoja na damu. Fikiria chujio la chai: damu inakwambia chai inapita kwa kasi gani, mkojo unakwambia kama chujio limetoboka na majani yanapita. Majani hayo ya chai kwako ni protini inayoitwa albumini. Uwiano wake na kreatinini ya mkojoni ukiwa chini ya 30, miligramu kwa gramu, ni sawa. Na kwa miguu hiyo usingoje Jumatatu, nenda leo wakupime na presha.

Nyar Kano
Baba mkwe naye alianza na dawa za mgongo. Sikutaka kusema.

Upepo wa Salgaa
Picha nimeweka hapo juu.

Mzee wa Kibuye
Nimeona. Mkunjo kweli umechanika. Samahani, kijana.

Upepo wa Salgaa
Niko kwenye foleni, nimepewa kikopo. Presha 158 kwa 96. Mke wangu nimempigia, yuko njiani na maneno yake. Mzee wa majani nimemwambia nasitisha. Anasema pesa hairudi, lakini ataniongezea fungu moja.