Naomba ushauri: maisha ya Lord Penrhyn niyaanzie wapi?

Wakuu, heshima kwenu.

Naandaa makala kuhusu Richard Pennant, ndiye huyo Lord Penrhyn, bwanyenye wa Wales aliyekuwa mbunge wa Liverpool 1767 hadi 1780, kisha 1784 hadi 1790. Utafiti upo, kilichonikwamisha ni mpangilio.

Huko Wales anakumbukwa kwa machimbo ya mawe ya kuezekea, barabara, na bandari aliyojenga karibu na Bangor. Ila fedha nyingi zilitoka kwenye mashamba ya miwa ya familia huko Jamaica, yaliyolimwa na watumwa. Aliyaendesha kwa barua. Katika moja anaagiza kwamba ng'ombe na watumwa wasichoshwe kwa kazi, na ng'ombe ndio waliotangulia! Bungeni alikuwa mstari wa mbele kupinga kukomeshwa kwa biashara ya watumwa.

Cheo cha Lord alikipata 1783, tena cha Ireland, si cha Uingereza ambacho kingemzuia kugombea, ndiyo maana aliruhusiwa kuendelea kugombea ubunge. Ujanja wa wakubwa haujaanza leo.

Sasa mhariri wangu anataka nianze na machimbo, Jamaica ije mwishoni. Mimi naona hiyo ni kumsafisha mtu. Lakini nikianza na ile barua, nahofia msomaji atamhukumu kabla hajamjua.

Waliowahi kuandika wasifu wa watu wa namna hii, mlifanyaje? Na uchaguzi wa enzi zile, kura zikipigwa hadharani mbele ya wenye ardhi, niueleze kwa kirefu au aya moja yatosha?