Grupu la Jirani Maweni: ile fomu ya pinki

[18:41] Mama Rehema: Assalam aleykum na hamjambo jirani wote. Wenye watoto hapo skuli, fungueni mikoba SASA HIVI. Kuna fomu ya pinki. Msitie saini kabla hamjanisoma.

[18:43] Mama Rehema: Imeandikwa hivi: "Mimi mzazi/mlezi ninaruhusu mwanangu kuhudhuria kipindi cha PPI na mafunzo ya kiroho yatakayoendeshwa na wageni wa mdhamini wa shule." Chini pa saini na nambari ya simu. Basi. Pa kuandika SIRUHUSU hapana.

[18:44] Mama Rehema: (picha)

[18:59] Mama Rehema: Tiki za buluu naziona. Mmesoma na mmenyamaza.

[19:06] Chuma Boda: Mimi wangu ashajitilia mwenyewe. Saini yangu anaiandika vizuri kuniliko 😂

[19:07] Mama Salha: 😂😂 Jamani kesho mahamri na mbaazi za nazi, oda mwisho saa tatu usiku

[19:07] Chuma Boda: Niwekee kumi

[19:08] Mama Rehema: Mama Salha, tafadhali.

[19:09] Mama Salha: Samahani dada. Na wewe nikuwekee?

[19:09] Mama Rehema: Sita.

[19:15] Baba Neema: Mama Rehema, hili mbona unalikuza? PPI iko tangu sisi tunasoma. Kipindi kimoja cha malezi ya dini kwa wiki, Wakristo na mchungaji, Waislamu na ustadhi. Mimi nimetia saini, nimemaliza.

[19:17] Mama Rehema: Ustadhi yuko wapi? Mwalimu wa IRE, somo la dini ya Kiislamu, kahamishwa muhula wa kwanza na hajaletwa mwingine. Rehema yuko Gredi ya 8, kipindi cha dini anakaa nyuma ya darasa la CRE, la Wakristo, "afanye homuweki". Mwakani ana KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, na dini inatahiniwa. Ataandika nini, homuweki?

[19:19] Baba Neema: Hiyo ni ya mwalimu, waandikieni TSC, tume ya walimu. Sisi tunaongea fomu.

[19:19] Mama Rehema: Mlango ni mmoja.

[19:31] Mwalimu Mstaafu: Jioni njema. Baba Neema hajakosea kuyatenga. Somo la dini liko kwenye mtaala, lina mwalimu na lina mtihani. Kumweleza mtoto Wakristo wanaamini nini au Waislamu wanaamini nini, hilo ni somo kama jiografia. Kumwambia afumbe macho aombe, hiyo ni ibada. Fomu imeandika "mafunzo ya kiroho", na hapo ndipo penye utata, maana haijulikani ni lipi kati ya hayo mawili. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inasema mtu asishurutishwe kutenda jambo linalopinga imani yake. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini nafasi kwenye mambo ya kiroho, ila kwa sharti alinde dini za wengine.

[19:32] Chuma Boda: Mwalimu naomba ruhusa niende msalani 🙋🏾

[19:34] Baba Tima: Na Mahakama ya Juu 2019 ilishawapa watoto wetu hijabu. Tieni hiyo kwenye barua wasome.

[19:40] Mwalimu Mstaafu: Usiitie, Baba Tima. Kesi ile ya Isiolo, walioruhusu hijabu skuli ni Mahakama ya Rufaa, 2016. Ya Juu, Januari 2019, iliitengua hukumu hiyo kwa jinsi dai lilivyofikishwa mahakamani. Swali lenyewe la hijabu halikuamuliwa. Mwalimu mkuu akiwa na mtu wa kumwelezea hivyo, barua nzima imekufa. Sheria ya elimu ya zamani, Sura ya 211 ya 1968, ndiyo iliyosema waziwazi mzazi akiomba mtoto asamehewe ibada au mafundisho ya dini, asamehewe. Nilifundisha chini ya sheria hiyo. Ilifutwa 2013.

[19:41] Baba Tima: Haya mwalimu 🙏🏾

[20:22] Mama Neema: Mimi ni Mkristo na hiyo fomu sikuitia saini. "Wageni" ni akina nani? Jina hawana, kanisa halijatajwa. Miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja imefukuliwa Shakahola hapo, si mbali, na kabla ya hapo watu walishaambiwa skuli ni ya shetani wakawatoa watoto. Neema hapewi mhubiri nisiyemjua.

[20:23] Baba Neema: Mama Neema hayo tungeyaongea nyumbani

[20:23] Mama Neema: Nyumbani gani? Uko barazani kwa Baba Tima tangu saa kumi na mbili.

[20:24] Chuma Boda: 🏃🏾🏃🏾🏃🏾

[20:30] Mama Rehema: Ahsante Mama Neema. Haya, barua ipelekwe kabla ya Ijumaa. Nakilini orodha mwongeze jina.
1. Mama Rehema
2.

[20:36] Baba Neema: Isiwe tu kama ya lile tangi la maji ulilonunua.

[20:36] Mama Rehema: Tangi lina nini?

[20:38] Baba Neema: Risiti ya lita 5,000. Tangi liko pale, limeandikwa 3,000 ubavuni. Hata mtoto wa Gredi ya 1 anasoma.

[20:39] Mama Rehema: Duka lilikuwa limeishiwa na chenji iliingia kwenye mabomba, NILIELEZA. Na wewe siku ya kuchimba msingi ulikuwa wapi?

[20:40] Mama Salha: Jamani jamani

[20:41] Chuma Boda: Hilo tangi lenyewe dini gani? Tulijue kabla Ijumaa

[20:55] Babu Athmani: (sauti, dakika 4)

[20:58] Babu Athmani: Shikamooni, mimi mjukuu. Babu anasema wengine hamsikilizi sauti, niwaandikie. Anasema: Skuli niliyopelekwa mimi asubuhi tulikuwa tukisomeshwa Injili. Baba hakuulizwa. Alipojua alinitoa siku ile ile nikarudi chuoni kwa Qur'ani, na skuli sikurudi tena. Ndiyo maana leo naandikiwa na mtoto. Msiwatoe watoto. Barua iende, lakini jina la kwanza liwe la Mkristo. Ikienda na majina ya Waislamu watupu itaitwa fujo, na hakuna atakayesoma mstari wa pili. Na ya tangi mtaongea siku nyingine, mbele yangu.

[21:14] Mwalimu Mstaafu: Shikamoo Mzee. Umesikika.

[21:15] Mama Rehema: Shikamoo Babu. Sawa Babu.

[21:16] Babu Athmani: Anasema marahaba. Amekwenda kulala.

[21:27] Mama Neema: Nitie wa kwanza.

[21:29] Mama Rehema: 1. Mama Neema
2. Mama Rehema
3. Mwalimu Mstaafu

[21:33] Baba Tima: 1. Mama Rehema
2. Baba Tima

[21:34] Mama Rehema: Baba Tima umenakili ya zamani! Umemfuta Mama Neema na mwalimu.

[21:35] Mama Salha: 1. Mama Rehema
2. Baba Tima
3. Mama Salha

[21:35] Mama Rehema: YA ZAMANI HIYO

[21:52] Baba Neema: Nitietie na mimi, nyuma ya mke wangu. Lakini hiyo habari ya mwalimu wa IRE itoke. Barua ya fomu iwe ya fomu: wageni watajwe, na pawe na pa kukataa.

[21:53] Mama Rehema: Haitoki.

[21:53] Baba Neema: Basi nisubirishe kwanza.

[22:05] Mwalimu Mstaafu: Ziwe mbili. Ya fomu kwa mwalimu mkuu, ya mwalimu kwa TSC. Naziandika stima ikirudi.

[22:06] Mama Rehema: Na nani atapeleka? Mimi kesho na kesho kutwa niko kazini Watamu.

[22:40] Mama Rehema: Nimeuliza.

[06:17] Chuma Boda: Atakayekwenda namchukua bure mpaka getini. Ndani siingii, mnajua.